Uzi wa Kichwa cha Mfalme

Kuku wa Abeje walikuwa na tabia ya kumeza shanga. Zikianguka mbili tatu kutoka kwenye sahani za mumewe, walizidonoa kabla hazijatulia sakafuni, kwa hiyo katika nyumba ile hakuchinjwa kuku bila firigisi yake kupasuliwa na kukaguliwa. Siku moja ya sikukuu nilimwona Abeje akitoa shanga kumi na moja za buluu kwenye firigisi ya jogoo mmoja. Aliziosha, akazianika juu ya jani, akaita.

"Baba Ibidunni! Njoo uchukue mali yako. Huyu jogoo alikuwa anataka kutawazwa."

Makanjuola alikuja taratibu, akazikusanya moja moja na kuzirudisha kwenye sahani ya buluu. Hakucheka. Alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini si kuhusu shanga.

Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba yao pale Ilogbe, kwenye vilima vya Ekiti, kwa miaka tisa niliyofundisha jiografia katika sekondari ya mji. Dirisha langu lilifungukia kibaraza alichofanyia kazi. Tangu hapo nimelala katika miji mingi, na lugha kadhaa nilizozijua zimeniponyoka, lakini mlio wa shanga zikimiminwa kwenye sahani ya bati ukinijia popote, narudi palepale: jua la asubuhi, harufu ya uwanga wa muhogo ukichemka, na mzee ameketi juu ya ngozi ya swala, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, miwani imefungwa kwa kamba kisogoni.

Jina lake kwa lugha yao lina maana ya mtu asiyeukimbilia utajiri, na watu wa mtaa walisema hawajawahi kumwona akikimbilia kitu chochote kile. Taji moja lilimchukua miezi mitatu. Alianza na njukuti za makuti ya mchikichi, akazifunga kuwa pete, akaipandisha pete ile kuwa umbo la pia lenye ncha juu, kisha akaivika tabaka za kitambaa kilicholoweshwa uwanga mpaka ikawa ngumu kama kibuyu. Halafu akaumba uso wa mhenga kwa vitambaa vilivyosokotwa, macho ya kutokeza, pua, mdomo, na juu kabisa ndege. Ndipo zinapoanza shanga. Alizitunga kwenye uzi uliopakwa nta, akaulaza uzi ule juu ya kitambaa na kuubana kwa uzi mwingine, mstari kwa mstari, huku akitafuna kokwa za kola chungu na kusikiliza redio ya betri iliyokuwa ikikoroma zaidi ya kusema. Mwisho kabisa alitundika pazia la shanga mbele, lile linalomfunika mfalme uso.

Baba yake na babu yake walifanya kazi hiyohiyo juu ya ngozi ya swala mahali pale pale. Na kwenye ukuta nyuma yao, juu kidogo ya bega la mtu aliyeketi, palikuwa na msumari. Hapo ndipo ulipotundikwa uzi wa kichwa cha mfalme.

Fundi hagusi kichwa cha mfalme. Kipimo huchukuliwa na malkia mkubwa, kwa uzi wa pamba: anauzungusha, anafunga fundo unapokutana, anaupeleka kwa fundi. Uzi hukaa msumarini muda wote mfalme anapotawala, maana mataji hutengenezwa na kutengenezwa tena. Pete ya kwanza ya njukuti hufungwa kwa kuufuata uzi ule, na fundi huifunga akiwa amefumba macho. Kichwa cha mfalme kikiwa wazi si kitu cha kutazamwa, na kipimo chake ni kama kichwa chenyewe. Mfalme naye ana mwiko wake: hatazami ndani ya taji lake, maisha. Huvikwa kutoka nyuma na malkia mkubwa, na huvuliwa kutoka nyuma. Na mfalme akiondoka, uzi wake huenda naye kaburini.

Kwa miaka thelathini na mmoja uzi wa msumarini ulikuwa wa Akanbi.

Jina hilo halikutamkwa na mtu mwingine yeyote pale mjini. Kwa wote alikuwa Kabiyesi, ambaye hakuna wa kumhoji. Lakini Makanjuola alizaliwa wiki moja na yeye, wakakua pamoja, wakawinda kindi na kuokota konokono wa msituni mvua zikianza. Akanbi alikuwa na kichwa kikubwa kupita watoto wote, na alikuwa na mchezo mmoja: kumnyatia mwenzake kwa nyuma na kumpiga konzi kisogoni.

"Alikuwa anapiga hapa," Makanjuola aliniambia siku moja, akigusa mahali penyewe chini ya kofia yake. "Si kwa nguvu. Kiasi cha kukufanya unyanyue kichwa. Nilimwapia kwamba siku moja nitamlipa."

"Ulimlipa?"

"Ningemlipa lini, Mwalimu? Walimchagua. Nikaketi hapa miezi mitatu nikamtengenezea taji, nikatundika pazia mbele. Tangu siku ile nalala kifudifudi mbele yake kama watu wote. Miaka thelathini na mmoja sijamwona uso hadharani. Na ni mimi niliyemfunika."

Alisema hivyo kisha akaongeza sauti ya redio.

Mfalme alipopanda darini, kwa maana kule hawasemi kwamba mfalme amekufa, tarishi wa ikulu alikuja siku hiyohiyo kuuchukua uzi. Niliwaona kutoka dirishani mwangu. Makanjuola aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu kidogo, akatoka na uzi uliokunjwa ndani ya jani la kola. Tarishi aliupokea kwa mikono miwili akaenda zake. Abeje alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa mkononi, analia kwa utaratibu kama wanawake wote wa mji walivyokuwa wakilia siku hiyo.

"Umeupeleka, Baba Ibidunni?"

"Umekwenda."

Mfalme mpya alikuwa Adesuyi, karani wa reli aliyekuwa Lagos kwa miaka ishirini, mtu mpole, mwembamba, mwenye kichwa kidogo. Wazee wateuzi wa mfalme walimchagua kwa kura moja tu ya ziada, wakaiacha nyumba ya pili ya kifalme na kinyongo chake. Wakamtia ndani kwa miezi mitatu ya kufundishwa mambo ya ufalme. Nguo zote alizokuja nazo aligawa mlangoni, mpaka kofia na soksi, kama inavyotakiwa, na akaingia na shuka jeupe. Malkia Morounkeji, mjane mkubwa wa mfalme aliyetangulia, ndiye aliyebaki na kazi ya kuvika taji. Alimpima, akafunga fundo, akamkabidhi Makanjuola uzi mpya. Mzee akautundika msumarini.

Asubuhi iliyofuata nilimwona amejipanga vizuri juu ya ngozi ya swala. Alinyunyiza mvinyo kidogo wa mchikichi kwenye sindano zake kwa ajili ya Ogun, bwana wa vyuma, akafumba macho, akanyoosha mkono nyuma ya bega lake kuelekea msumari, na akaifunga pete ya kwanza.

Kila siku saa tatu asubuhi alikuja Gbadegesin. Alikuwa mzee wa nyumba ile ya pili, ambaye mpwa wake ndiye aliyekosa ufalme kwa kura moja. Alileta kigoda chake mwenyewe, akakaa palepale penye kivuli, akaanza.

"Makanju, bado unamshonea karani?"

"Namshonea mfalme."

"Umekiona kile kichwa? Kama kokwa ya kola. Taji litamwangukia mpaka mabegani, mzee mwenzangu. Litamfunika kama kuku aliyefunikwa na tenga."

"Kichwa kina kipimo chake."

"Kipimo ni kitu kimoja. Wahenga kukubali ni kitu kingine." Hapo aliacha utani, akashusha sauti. "Mimi siku hiyo nitakaa mbele kabisa, nitamtazama yule ndege wa juu. Ndege akitikisika, basi, mji mzima umeona. Taji limemkataa. Hatutahitaji kura nyingine."

"Mpishie Gbadegesin viazi, Abeje," Makanjuola alisema bila kuinua macho. "Njaa inampa maneno."

"Viazi vya nyumba hii ni vya kupondwa au vya kutafuna? Juzi nilikuta donge."

"Donge ulilikuta kooni mwako," Abeje alijibu kutoka jikoni. "Limekaa hapo tangu siku ya kura."

Walicheka wote watatu. Lakini aliyoyasema Gbadegesin yalikuwa ya kweli, na kila mmoja pale alijua. Siku ya kutawazwa taji likilegea kichwani, hakuna ambaye angesema fundi amekosea. Wangesema wahenga wamekataa, na karani yule angerudi Lagos na shuka lake, kama angerudi salama.

Taji lilikamilika siku nne kabla. Sijawahi kuona kazi ya mikono iliyonishinda maneno kama ile. Uso wa mhenga ulikuwa wa buluu ya kukolea, macho meupe yenye pete nyekundu, na ndege wa juu alikuwa na mkia wa shanga za rangi saba, umesimama kana kwamba ameshtushwa sasa hivi. Makanjuola alilifunika kwa kitambaa cheupe na kutuma habari ikulu.

Malkia Morounkeji alikuja mwenyewe, kwa miguu, na mwanamke mmoja tu wa kumshikia mwavuli, ambaye alimrudisha ikulu walipofika. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye sauti iliyotoka kama imepigwa pasi. Makanjuola alilala kifudifudi, Abeje akapiga magoti, nami nikapiga magoti chumbani mwangu kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na sikujua la kufanya jingine.

"Inukeni. Nalitaka taji."

Alikaa juu ya kigoda, taji likawekwa mapajani mwake, uso wa mhenga ukitazama mbele na yeye nyuma yake, kama ambavyo angekaa siku yenyewe. Hakulitazama. Aliinua macho kwenye paa la kibaraza, akaingiza mikono yake miwili ndani, akaisukuma polepole mpaka vidole vikagusa pande zote. Akakaa hivyo, mikono ndani ya taji, mpaka Abeje akaanza kukohoa kwa wasiwasi.

"Makanju," alisema mwishowe. "Hili ni la nani?"

"La Kabiyesi, Mama."

"Kabiyesi yupi?"

Mzee akaanza kuokota sindano zake.

"Nakuuliza, fundi. Nimemvika mume wangu taji miaka thelathini na mmoja. Wengine mnalijua kwa mbele, kwa macho. Mimi hukaa nyuma. Nakijua kichwa chake kwa mikono hii, na leo mikono hii imefika nyumbani kwake. Uliupata wapi uzi wake? Si ulikwenda kaburini?"

Abeje aliinuka pale alipopiga magoti. Hakuomba ruhusa. Alimpita mumewe, akaenda msumarini, akapapasa, akarudi na nyuzi mbili, moja mpya nyeupe, nyingine ya zamani iliyokuwa imepata rangi ya ngozi ya mtu.

"Baba Ibidunni. Uliniambia umekwenda."

"Ulikwenda uzi."

"Uzi gani?"

"Uzi wa pamba. Wenye fundo."

"Ee Mungu wangu! Umemzika mfalme na uzi wa kushonea vifungo!"

"Punguza sauti, Abeje."

"Nipunguze sauti! Miezi mitatu nakuchemshia uwanga, nakulindia shanga zisiliwe na kuku, kumbe unamtengenezea marehemu!"

Makanjuola alivua miwani. Bila miwani macho yake yalionekana madogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Nilikuwa na nia ya kuurudisha," alisema, akimwambia malkia na si mkewe. "Nilitaka ukae na mimi siku chache tu. Yeye mlimchukua. Ikulu ikamchukua, mji ukamchukua, nikabaki na ule uzi. Ulikuwa nyuma ya bega langu kila siku, Mama. Nilikuwa nikichoka nautegemea kidogo kwa kisogo. Ulipokuja uzi mpya niliutundika juu yake. Na siku ya pete ya kwanza nikafumba macho kama baba yangu alivyonifundisha, nikanyoosha mkono. Mkono ukachukua ule unaoujua."

Barabarani kulisikika mtu akiburuta kigoda.

"Gbadegesin," Abeje alinong'ona. Akatupa kanga ya kazi juu ya taji na magoti ya malkia kwa pamoja, akateremka kibarazani haraka. Tulisikia sauti yake kule chini, tamu ajabu.

"Shikamoo mzee. Leo usipande. Baba Ibidunni tumbo linamwendesha tangu alfajiri, na upepo unakuja upande huu."

"Tumbo? Siku nne kabla? Ni woga huo."

"Ni viazi vile vyenye madonge. Ulituonya, hatukusikia."

Kigoda kikaburutwa kurudi kilikotoka.

Abeje aliporudi, wale wawili hawakuwa wamesogea. Malkia alikuwa bado na mikono ndani ya taji, chini ya kanga.

"Linavunjwa?" aliuliza.

"Pete ikivunjwa uso unapasuka. Ni kuanza upya, miezi mitatu."

"Siku haisogezwi. Mzee wa ramli ya Ifa ameshaitaja, na yule kijana anatoka ndani siku hiyohiyo, awe na taji au asiwe nalo."

"Kuna kutia kofia kwa ndani," Makanjuola alisema polepole. "Baba yangu aliwahi kufanya hivyo, mfalme mmoja alipokonda kwa ugonjwa. Kofia nzito ya kufumwa, ikunjwe mikunjo mikunjo, ishonwe kwenye pete. Lakini kitambaa kipya kinateleza, Mama. Kinataka kilichozoea kichwa, kilichonywa jasho. Na taji halipokei kofia ya raia. Lazima iwe ya mfalme."

"Adesuyi hana kofia. Aligawa zote mlangoni."

"Na zile hazikuwa za mfalme. Zilikuwa za karani wa reli."

"Na za mume wangu ziliondoka naye. Nilizikunja mwenyewe."

"Basi, Mama."

Redio ilikoroma, Abeje akaifikia na kuizima. Malkia alitazama msumari kwa muda mrefu, kisha akatoa mikono ndani ya taji na kuiweka juu ya kanga, kiganja juu ya kiganja.

"Isipokuwa moja," alisema.

Akaushika ukingo wa kanga.

"Ile ya bluu ya zamani, aliyokuwa akivaa nyuma, uani, akila. Yenye doa la mafuta ya mawese. Niliona ni ya kizee mno kuzikwa nayo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Iko chini ya mto wangu."

Abeje alimtazama malkia, akamtazama mumewe, akakaa chini sakafuni.

"Kumbe mko wawili," alisema.

Malkia Morounkeji alianza kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na nadhani hata wao. Alicheka huku machozi yakimtoka, akijipangusa kwa ncha ya kanga ya Abeje yenye uwanga, na Makanjuola aliyekuwa ametazama chini muda wote akacheka naye, kwa aibu, mabega tu yakitikisika.

Kofia ililetwa mchana ule ndani ya bakuli lenye kifuniko, kama chakula. Ilikuwa nzito, imefumwa kwa mistari ya bluu na nyeupe, na doa la mawese lilikuwepo kweli. Makanjuola aliikunja mikunjo tisa. Malkia alikuwa ameshika uzi mpya kwa ajili ya kipimo, akiangalia pembeni kama inavyotakiwa. Ulipofika wakati wa kupitisha kamba kwenye pindo la kofia, ya kuibana ikae kichwani, mzee aliinua uzi wa nta, akautazama, akauweka chini.

"Ule wa zamani uko wapi?"

Abeje alikuwa nao mkononi. Alikuwa ameuzungushia kidole.

"Unataka kuutia humo?" malkia aliuliza.

"Kaburi limeshafungwa, Mama. Siwezi kuupeleka. Na hapa msumarini haufai kukaa, umeona ulilolifanya. Taji ni la vichwa vyote vilivyopita. Ukae na wenzake."

Malkia alifikiri. Kisha akanyoosha mkono, akaupokea kutoka kwa Abeje, na akampa fundi kwa mikono miwili, kama unavyotolewa uzi wa mfalme. Makanjuola akaupitisha kwenye pindo la kofia, akauvuta mpaka ukafikia kipimo cha uzi mpya, akafunga. Sasa uzi ulikuwa na mafundo mawili, la Akanbi na la Adesuyi, yamekutana mahali pamoja nyuma, na mzee akayashona kwa ndani yasilegee. Kesho yake mganga wa ikulu alipokuja na malkia kushona kifurushi chake cha dawa ndani ya taji, aliikuta kofia. Aliitambua, nina hakika. Alimtazama malkia mara moja, akatia uzi sindanoni, akaendelea na kazi yake.

Siku ya kutawazwa Gbadegesin alikaa mbele kabisa kama alivyoahidi. Nilikuwa nyuma yake, na Makanjuola kando yangu, amevaa joho lake pana la mistari ambalo Abeje alilipiga kwa mchi mpaka likang'aa. Alikuwa hatulii. Alifungua vidole, akafumba, akafungua. Ngoma ziliposita, Adesuyi akaketi, mwembamba kama mche ndani ya nguo zile zote, shingo inaonekana kupita kiasi katikati ya mikufu ya marijani. Malkia Morounkeji akatokea nyuma yake, taji juu ya mikono.

Aliliteremsha. Pazia la shanga likamwagika mbele ya uso wa karani yule, na uso ukapotea.

Ndege akatikisika.

Nilimsikia Gbadegesin akivuta pumzi. Malkia hakuondoa mikono. Aliibonyeza kidogo, vidole gumba nyuma, penye mafundo, kama mtu anayemtuliza mtoto alale, na polepole akaiondoa, mmoja, kisha wa pili. Ndege alitulia. Mfalme akasimama, ndege akatulia. Akageuka kulia, akageuka kushoto, pazia likayumba na kulia kwa sauti ndogo, lakini taji lilikuwa limekaa kana kwamba limeota pale.

"Kabiyesi!" mji mzima ukapaza sauti na kuanguka chini.

Gbadegesin alikuwa wa mwisho kulala kifudifudi, lakini alilala. Alipoinuka alimgeukia mwenzake, vumbi limemjaa ndevuni.

"Limekaa," alisema.

"Limekaa."

"Basi kichwa kimekua huko ndani. Ni vile viazi vya ikulu." Akamfuta Makanjuola vumbi begani, taratibu, akaenda kumsalimu mfalme wake.

Makanjuola hakutengeneza taji jingine baada ya hilo. Alishona mikoba ya waganga, vishikio vya mikia ya farasi ya kupungia, viatu vya mfalme. Uzi wa Adesuyi ulikuwa msumarini peke yake sasa, na niliona kwamba mzee alikuwa amesogeza ngozi yake ya swala, akakaa mbali kidogo na ukuta. Miaka sita baadaye alilala usingizi wa mchana, miwani usoni, na hakuamka. Wakati huo nilikuwa nchi nyingine, nikifundisha mambo mengine, na barua ya Ibidunni, mtoto wao, ilinifikia baada ya miezi miwili.

Nilirudi Ilogbe mara moja tu, miaka mingi baadaye. Malkia Morounkeji alikuwa ameshaondoka pia, na Gbadegesin. Nilikwenda ikulu kusalimu. Mfalme alikuwa amezeeka, amenenepa kiasi, na alinipokea uani bila taji, na kofia ya kawaida, mezani ana ratiba za zamani za treni ambazo alikuwa bado akizisoma kwa raha yake.

"Wewe uliishi kwa yule fundi," aliniambia.

"Ndiyo, Kabiyesi."

"Basi nieleze kitu. Mimi siruhusiwi kutazama ndani, na sijawahi kutazama. Lakini taji langu lina kitu kigumu hapa." Aligusa kisogo chake. "Kidogo, kama ncha ya kidole kilichokunjwa. Nikiinamisha kichwa, linanigonga. Mwaka wa kwanza nilimwomba Malkia mkubwa liondolewe. Alikataa. Nilipomuuliza sababu alicheka, na yule mama hakuwa mtu wa kucheka. Siku hizi nimelizoea. Nikikaa barazani kuhukumu kesi nikasinzia, au nikawa na hasira nikatazama chini, linanigonga nanyanyua kichwa. Ni ufundi wa nyumba ile?"

"Ni ufundi wa nyumba ile, Kabiyesi."

"Nilijua," alisema, akaonekana ameridhika.

Nilimkuta Abeje uani kwake, juu ya kigoda kidogo, amechinja kuku kwa ajili yangu. Nilimsimulia maneno ya mfalme. Aliacha kisu, akashika ukuta, akacheka mpaka akakohoa.

"Konzi," alisema alipopata pumzi. "Akanbi huyo. Anampiga konzi mtoto wa watu mpaka leo."

Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaokota kisu, akapasua firigisi na kuifungua kwa vidole viwili kuangalia ndani, ingawa katika nyumba ile hapakuwa na shanga iliyoanguka kwa miaka kumi.